Maneno Niliyomwambia Ng'ombe Wetu

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno niliyoyaandika vibaya. Shule yangu iliishia darasa la nane, na mkono ninaoandika nao uliwahi kuvunjika ukapona ukiwa umepinda kidogo, ndiyo maana herufi zangu zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Tena naandika polepole. Habari hii ndogo imenichukua muda mrefu kuliko mkono wenyewe ulivyochukua kupona.

Kwetu ni kijiji cha Boito. Chai yetu inaanzia barabarani na kufika hadi ukuta wa jikoni. Katikati ya miaka ya tisini tulikuwa wanne nyumbani: baba, Kogo, yaani nyanya yangu, dada yangu anayenifuata, na mimi. Mama alikuwa mchumaji katika shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Alilala huko huko kwenye nyumba za wafanyakazi na kurudi mwisho wa mwezi.

Mimi ni mtu wa haya. Nikitumwa dukani nilisimama nje nikisoma tangazo la sabuni mpaka wateja wote waondoke. Na kwa sababu ya haya hiyo, kazi karibu zote za boma zilikuwa zangu. Nilichuma chai, nikapeleka majani kituoni, nikapasua kuni, nikakata majani ya nepia ya kulisha ng'ombe, nikakamua. Kanisani walinisifu kwamba nina bidii. Haikuwa bidii. Ukitaka mtu akusaidie lazima umwombe, na kuomba ni kusema. Mimi niliona afadhali nibebe vikapu viwili kuliko kusema sentensi moja.

Mwaka ule mvua haikutaka kuacha. Njia ya kwenda kituo cha majani iliteleza kama sabuni, na siku moja nikaanguka na kikapu mgongoni, mkono wa kulia ukiwa chini yangu. Nakumbuka kwamba kabla sijasikia maumivu nilikuwa tayari naokota majani kwenye matope kwa mkono wa kushoto.

Hospitalini walinifunga plasta kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Daktari alisema, "Hakuna kazi mpaka tuitoe hii."

"Hata kukamua?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Kwani kukamua ni mchezo?"

Basi nikarudi nyumbani nikakalishwa kwenye kigoda nje ya jikoni, na hapo taabu ikaanza. Sijui ni nani aliyesema kupumzika ni kuzuri. Kila aliyepita njiani aliingia kusema pole, akagonga plasta kwa kidole kusikia inavyolia, kisha akakaa kunywa chai. Jirani mmoja aliyefanya kazi kiwandani, mtu wa upande wa ziwa mwenye mdomo mrefu, alikuwa akisimama kwenye ua na kupaza sauti: "Bwana mkubwa! Leo umeamka saa ngapi? Supu imeiva?" Nilitaka kumjibu. Jibu zuri lilikuwa linanijia baada ya yeye kwenda.

Lakini kilichonichoma zaidi ni kuona kazi yangu mikononi mwa watu wengine. Dada yangu alichuma chai, nami kutoka kwenye kigoda niliona jinsi alivyorukaruka mistari. Baba alipasua kuni ndefu zisizoingia jikoni. Nikaanza kusahihisha. Mimi ambaye sikuwahi kusema, sasa kwa hasira nikasema kutwa nzima. "Umeacha kichaka hicho! Majani mawili na chipukizi tu, usivunje jani la chini! Kikapu usikishindilie, majani yatachemka!"

Dada yangu alinyoosha mgongo katikati ya chai. "Unajua nini? Njoo uchume na meno."

"Nakuonyesha tu."

"Ulikuwa wapi kunionyesha wakati una mikono miwili? Ulikuwa unanipokonya kikapu kama mwizi."

Jioni hiyo alirudi kutoka kituoni akaniambia kwamba karani alipekua majani yake, akayachukua yote, hakutupa hata jani moja. Nilikasirika. Ni aibu kusema, lakini nilikuwa nimetumaini yatakataliwa. Kesho yake nikageuza kigoda nisione chai. Sikufanya hivyo kwa hekima. Nilikuwa nimechoka tu. Kuni nazo nikamwachia baba, azikate kwa urefu autakao.

Kigoda kilipogeuka, kikatazama banda la ng'ombe. Na huko ndiko kulikuwa na shida yenyewe.

Ng'ombe wetu alikuwa mmoja, wa gredi, wale wa maziwa mengi, ambaye mama alimnunua kwa jasho la kuchuma. Ndama wake alikuwa amekufa, na tangu siku hiyo alizuia maziwa kwa kila mtu isipokuwa mimi. Sasa dada yangu alikuwa akikaa chini yake, akipaka mafuta chuchu, akivuta, na hakuna kitu. Kidogo tu cha kulowesha sehemu ya chini ya ndoo, halafu teke. Kogo hana meno, na maisha yake ni mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Kibuyu chake kilikuwa kinaning'inia ukutani kikiwa kikavu, naye hakulalamika, jambo lililonikera zaidi kuliko kama angelalamika.

Nilijaribu mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Ndoo ikapinduka, nami nikaegemea plasta nikalia kwa maumivu. Baba akanitoa nje kwa kunishika kola.

"Sikia, weri," akasema, maana hata kijana mkubwa baba humwita mtoto akikasirika. "Ng'ombe asiyekamuliwa anaugua kiwele. Akiugua, hata mchinjaji hamtaki. Soko la Ndanai lijalo nampeleka."

"Baba, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Mkono wako upone Krismasi?"

Nilirudi kwenye kigoda. Huyo ng'ombe, niseme ukweli, ndiye mtu pekee niliyekuwa nikizungumza naye.

Kwa vile sikuwa na lingine la kufanya, nilimtazama. Zamani nilikuwa nikimkamua huku nawaza kuni, nikipasua kuni huku nawaza nepia. Sikuwa nimewahi kukaa na jambo moja. Sasa nilikaa nalo kwa lazima. Kuku mmoja mwekundu alikuwa akija kila mara kuchokora miguu yangu, nami nilikuwa nikimgombeza kwa kunong'ona: wewe nawe, umekosa pengine pa kwenda? Mara ya kwanza sikutambua. Baadaye niliona kwamba kila nikimgombeza kuku, ng'ombe kule bandani aliacha kutafuna, akageuza masikio yote mawili kwangu. Akisema baba, hageuzi. Akiimba dada, hageuzi.

Nikamuuliza Kogo, "Nikiwa nakamua, unanisikia?"

"Sauti nasikia, maneno sisikii," akasema. "Unaomba. Baba yako amewaambia hata wazee wa kanisa, kijana wangu huomba bandani kila asubuhi kabla ya jua."

Sikuwa naomba. Nilikuwa nalalamika. Kila asubuhi, kichwa changu kikiwa kwenye ubavu wa ng'ombe, nilikuwa namwambia yote niliyoshindwa kuwaambia watu: baba anavyosahau, jirani anavyonicheka, na zaidi ya wote dada yangu. Na ng'ombe alikuwa akishusha maziwa kwa manung'uniko hayo kama vile ng'ombe wengine wanavyoshusha wakipewa unga.

Jioni nikamwambia dada, "Wewe kamua, mimi nitasimama kichwani niongee naye."

"Utaongea nini?"

"Kamua tu."

Nilianza kwa kuomba, ili jambo liwe kama baba alivyolitangaza. Ng'ombe akapiga teke. Nikaimba wimbo wa kanisa. Akapunga mkia ukampiga dada usoni. Nikamweleza habari za mvua. Hakuna.

"Huyu anakucheka," dada akasema. "Ndanai wamwandalie kamba."

Hapo nikakasirika kweli, na midomo yangu ikaanza yenyewe, kwa sauti ile ya chini. Dada yangu hapiki ugali, anakanda udongo. Akitumwa maji anarudi na habari za kijiji kizima na nusu mtungi. Anajua kwamba nimechoka, na bado anapitisha kikapu mbele yangu kana kwamba mimi ni mti. Sikuweza kumtazama. Masikio yangu yaliwaka moto. Lakini ng'ombe alishusha pumzi ndefu, akalegeza miguu ya nyuma, na nikasikia maziwa yakigonga ndoo, kwanza moja moja, halafu kwa nguvu.

Dada yangu aliacha kuvuta. Nikangoja anirushie ndoo.

"Endelea," akasema huku amekaza meno. "Si ameanza? Endelea. Sema na lingine."

Niliendelea mpaka ndoo ikajaa povu. Alitoka nayo, na usiku huo alinipakulia ugali mdogo kuliko ngumi ya mtoto.

Asubuhi nilichelewa kuamka. Nilipofika mlangoni ndoo haikuwepo. Nikaelekea bandani mbio, plasta ikinigonga kifua, nikitaka kumwambia asithubutu kuanza bila mimi, atamharibu, hajui. Kogo alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Akanishika shati.

"Kaa chini."

"Kogo, hataweza."

"Kaa, nimesema. Sikiliza."

Kutoka bandani ilikuja sauti ya dada yangu, ya chini, isiyopumzika. Anafikiri chai haioti bila yeye. Ananyamaza kama kisiki, halafu anakasirika kwa nini hatujajua anachotaka. Nilimwambia nifundishe kukamua nilipokuwa darasa la sita, akanijibu kwa kuchukua ndoo. Sasa amevunjika mkono ndipo amepata mdomo, na mdomo wenyewe ni wa kugomba. Asante hajui inaandikwaje. Na chini ya maneno hayo, sauti ya maziwa, chwaa, chwaa, bila kukatika.

Kila neno lilinichoma. Nilikuwa na majibu, na kwa mara ya kwanza maishani yalikuja yote kwa wakati wake. Nilikuwa na haki ya kuingia. Nikasimama. Nikasikia maziwa. Nikakaa tena, chini, kwenye matope, kwa kuwa kigoda kilikuwa na Kogo.

Baba alipita na jembe begani, akasimama, akatega sikio, akavua kofia.

"Sasa hata dada yako anaomba," akasema polepole.

"Ndiyo, baba," nikajibu. Kogo alifunika mdomo wake kwa leso.

Ng'ombe hakwenda Ndanai. Plasta ilipotolewa nilienda kuchukua ndoo ya asubuhi, dada akaishika upande wa pili.

"Hii ni yangu," akasema. "Wewe chukua ya jioni. Mimi asubuhi nina mengi ya kusema."

Nikamwachia. Nikamwambia asante, kwa sauti ya kusikika, naye akanitazama kama mtu aliyeona kuku akiongea. Mpaka leo kumpa mtu kazi kunaniuma kama jino. Nampa, halafu namgeuzia mgongo nisione.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama kwenu kuna ng'ombe, mbuzi au hata punda anayemkubali mtu mmoja tu, niandikie unieleze huyo mtu humwambia nini. Usiogope mwandiko wako, umeuona wangu. Na ukikawia si neno, hata mimi nitakawia kujibu.