Kadi ya Kijana wa Mississauga

Mume wangu hakuijua besiboli, na mimi sikutaka kuijua. Miaka yote tuliyokaa Toronto niliona ni watu wamesimama uwanjani wakisubiri basi. Lakini binti yetu alipofika miaka kumi alirudi kutoka shule na kadi tatu za wachezaji, amezishika kama mtu aliyebeba mayai, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Etobicoke, juu huko ghorofani, ikawa na dini ya pili.

Jumapili tukitoka kanisani, baba yake alipita duka lililo chini ya jengo letu akanunua pakiti mbili za kadi, moja yake na moja ya mtoto. Mimi nikiwa jikoni na wali wangu, wao walikaa mezani, wakachana pakiti na kulinganisha kadi moja moja. Watoto wa shuleni walilinganisha kwa umaarufu wa mchezaji na kwa zile tarakimu za rekodi yake zilizojaa nyuma ya kadi. Mume wangu tarakimu hizo hazikumwingia. Akatunga sheria yake. Nyuma ya kadi kumeandikwa pia mchezaji alikozaliwa, basi anayetoka mbali zaidi ndiye anayemla mwenzake. Ubishi ukizuka, walipima kwa ramani ya simu. Kwa sheria hiyo staa mkubwa aliyezaliwa Ohio, hapo Marekani, aliliwa na mtu wa benchi kutoka Venezuela, huyo wa Venezuela akaliwa na Mjapani, na siku ilipotoka kadi ya mtu wa Australia mume wangu alisimama akaizunguka meza. Binti alilalamika kwamba huo si mchezo.

"Ndio mchezo wenyewe, mama," alimwambia, maana alimwita binti yake mama, kama wanavyofanya baba wengi kwetu. "Huyu wa Ohio alipelekwa uwanjani na gari la wazazi wake. Muulize huyu mwingine alifikaje."

Mtoto naye alikuwa na sheria zake, kali kuliko za kanisani. Unanawa mikono kwanza na kuikausha. Kadi unaishika pembeni. Ukiacha alama ya kidole usoni mwa mchezaji, unaomba radhi. Kona ikijikunja, kadi imekwisha. Kadi nzuri inaingia kwenye kifuko chake laini cha plastiki, kisha kwenye folda. Yote haya aliyasema kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili chetu anakisikia vizuri sana na kukijibu kwa lugha ya shule. Hapa nayaandika kama yalivyoingia masikioni mwangu.

Ugonjwa wa mume wangu tuliuona kwanza kwenye pakiti hizo. Jumapili moja, majani yakiwa yanapukutika, alishindwa kuichana. Karatasi yenyewe nyepesi, mtoto mdogo anaichana. Aliivuta ikateleza, akaivuta tena, akacheka, akaichana kwa meno. Binti akalalamika kwamba mate yataingia ndani. Wiki iliyofuata kadi ilimponyoka ikaangukia kwenye mchuzi, na nyingine akaikunja kona kwa kidole gumba. Mtoto akamwambia, Baba, wewe huna uangalifu. Mtu aliyekuwa akipanga maboksi kwenye ghala kule Downsview tangu tulipofika nchi hii, akaanza kuniomba nimfunge vifungo vya shati. Aliniambia ni baridi.

Haikuwa baridi. Baada ya vipimo vingi daktari alitueleza, kwa sauti ya upole iliyonitia hasira, kwamba neva zinazoamrisha misuli yake zinakufa. Zimeanza mikononi, zitafika miguuni, kooni, na mwisho kwenye pumzi, na dawa ya kuzirudisha hakuna. Mume wangu alimshukuru. Mimi sikumshukuru. Kwenye basi la kurudi nyumbani alisema jambo moja tu, kwamba mtoto asiambiwe, amalize kwanza mwaka wake wa shule. Kwetu ndivyo inavyofanywa. Mimi mwenyewe nilijua kwamba shangazi yangu alikuwa mgonjwa siku nilipoona watu wanapanga viti uani. Nikanyamaza, na mume wangu akadhani nimekubali.

Baridi ilipokolea ndipo ilipotoka ile kadi. Ilitoka kwenye pakiti ya baba. Kijana wa timu ya hapa hapa mjini, mwaka wake wa kwanza kucheza, na chini ya picha sahihi yake halisi aliyoiandika kwa mkono, wino wa bluu. Binti aliinuka akanawa mikono upya kabla ya kuigusa. Alitueleza kwamba kuna watu wazima wanaofungua pakiti miaka na miaka bila kuipata kadi ya namna hiyo. Kwa sheria ya mbali, kadi yenyewe haikumla mtu yeyote, kwa sababu kijana kazaliwa Mississauga, unafika kwa basi. Baba alicheka mpaka akakohoa, akampa mtoto. Mtoto akaitengea ukurasa wa peke yake kwenye folda, na kila usiku aliitazama kabla ya kupiga mswaki.

Mume wangu naye alikuwa akiitazama, kwa wasiwasi wake. Siku moja mtoto akiwa shule aliitoa, akashuka nayo kwa lifti, akavuka barabara mpaka duka la kopi, akaipiga laminesheni.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa. Cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, picha ya marehemu babu, kitu cha thamani kikiingia nyumbani safari yake ya kwanza ni steshenari, kipitishwe kwenye mashine ya moto kitoke kimefungwa ndani ya plastiki ngumu, maji yasikiguse, mende asikile. Vyeti vyote vya mume wangu vilifika Kanada vikiwa hivyo, vizima kama siku alipokabidhiwa. Alirudi na kadi akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tulipotoka kwa daktari. Akaiangusha mezani makusudi, akahangaika nayo kwa vidole vyake vilivyokauka kama kuni mpaka akaiokota, akaiangusha tena.

"Unaona," aliniambia. "Sasa hata mimi siwezi kuiharibu."

Mtoto aliporudi hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliishika, akaigeuza, akaujaribu ukingo wa plastiki kwa ukucha, akaelewa kwamba haitoki. Kwa wanaozijua kadi hizi, kadi iliyopitishwa kwenye moto ule imekufa. Hakuna atakayeibadilisha na yake, hakuna hata atakayeiita kadi.

"Umeiua," alimwambia baba yake. "Kila unachogusa unakiharibu."

Akaingia chumbani akafunga mlango taratibu. Damu ilinichemka, nikataka kumfuata nimwambie kila kitu palepale, lakini mume wangu alinishika gauni kwa nguvu kidogo alizobaki nazo. Akasema mwache, ana haki yake.

Jumapili iliyofuata mtoto hakuja mezani, wala iliyofuata hiyo. Baba aliendelea kununua pakiti mbili. Aliziweka mahali pao, akakaa, akasubiri, kisha akaniomba niziweke juu ya friji. Rundo likakua. Mkono wa kushoto ukalala kabisa, wa kulia ukabaki na vidole viwili vinavyosikia. Wakati huohuo watu wa kanisani walikuja na tangawizi, na mafuta ya kupaka, na habari za shemeji ya mtu fulani aliyepona Dodoma, wakajaa kwenye kochi langu wakiitikia amina. Nikawapa chai na kuwatazama. Wote walijua mume wangu anaumwa, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa chumbani na mlango wake umefungwa.

Nilikuwa nikivitazama vile vidole viwili na ule mlango, nikijua ni kipi kitakachowahi. Siku ambayo mtoto angechoka kununa, angekuta baba yake hana tena cha kushikia kadi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuliko maneno yote ya daktari.

Nikaivunja amri ya mume wangu. Nilimpeleka mtoto chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, nikamwambia yote bila kupunguza, mikono, miguu, koo, pumzi. Sikumwambia kwamba Baba atapona. Aliendelea kukunja taulo, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena ileile. Kisha akauliza:

"Alipoipeleka ile kadi, alikuwa anajua mikono yake inaumwa?"

"Alijua," nilimjibu. "Ndiyo sababu aliipeleka."

Hakulia mbele yangu. Kesho yake alitaka nimsindikize duka la kopi, amebeba begi lake la shule. Ndani ya begi mlikuwa na folda. Akaanza kuzitoa kadi kwenye vifuko, moja moja, kwa kuzishika pembeni, Wajapani, watu wa Venezuela, yule wa Australia. Mwenye duka, mtu wa makamo ambaye inaelekea alikuwa na kadi zake utotoni, alizitazama, akanitazama mimi, kisha akamwonya mtoto kwamba zikishapita kwenye mashine hazitarudi tena kuwa zilivyokuwa. Mtoto akajibu kwamba anajua. Akamwomba aache ukingo mpana wa plastiki kila upande, ziwe rahisi kukamatwa. Tulisimama pale tukivuta harufu ya plastiki ya moto, yeye akizipokea zingali na joto. Niligeukia barabarani, sikutaka kulia katika duka la watu.

Jumapili alizipanga mezani mbele ya baba yake, fungu la huyu na fungu la huyu, ya kijana wa Mississauga ikiwamo. Mume wangu alizitazama. Akanitazama na mimi, akajua kwamba nimesema. Akaanza kulia, na kwa kuwa hakuweza kujifuta nilimfuta mimi.

"Cheza, Baba," mtoto alisema.

Akacheza. Vidole viwili viliukamata ule ukingo mpana, vikainua kadi, vikaiachia katikati ya meza. Mtu wa Panama. Binti alikuwa na wa Texas, akaliwa.

Walicheza hivyo mpaka joto likaja na baridi ikarudi tena. Pakiti za juu ya friji zilichanwa zote, akichana mtoto, na kila baada ya siku chache kadi mpya zilipelekwa duka la kopi. Vidole viwili vilipokwisha, baba alisukuma kadi kwa ubavu wa kiganja. Sauti yake ilipoondoka, binti ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili nani kamla nani, na hakumwibia baba yake hata mara moja. Kiganja kilipolala, tulimsogeza mpaka kifua kikaegemea meza, akasukuma kadi kwa kidevu, mtoto akimshikilia kichwa kisianguke. Mate yalimtoka, uji pia, vikabaki juu ya nyuso za wachezaji. Jioni nilizifuta zote kwa kitambaa chenye sabuni, zikang'aa. Nilimtania mume wangu kwamba hapo kweli alikuwa na akili, kadi za watu wengine haziogeshwi, naye alinicheka kwa macho.

Nilichukia kila hatua ya ugonjwa ule, na bado nachukia. Sikuona uzuri wowote ndani yake. Wanaokuja kuniambia kwamba mateso yalituleta karibu nawaomba wanywe chai yao wanyamaze, kwa sababu tulikuwa karibu tangu mwanzo.

Alifariki asubuhi moja theluji ikiyeyuka, nimekwenda jikoni kuchemsha maji. Tulimzika hapahapa, alivyotaka mwenyewe. Binti alipima kwa ramani ya simu, kutoka makaburini mpaka alikozaliwa baba yake, akaniambia kwamba katika kadi zote walizonazo ni yule wa Australia peke yake ambaye angemla.

Watu walipotawanyika nilijikaza kisabuni, nikaanza kusafisha, maana nisingefanya kazi ningevunja vyombo. Nilifua mashuka. Nilitupa mirija na vikombe vya uji. Mwisho nikafika mezani, ambako kadi zilikuwa zimelala vilevile, bila kufutwa, tangu Jumapili yake ya mwisho. Ya juu kabisa ilikuwa ya kijana wa Mississauga, uso wake na ile sahihi ya bluu vimefunikwa na ukungu wa mate yaliyokauka. Nikalowesha kitambaa, nikaichukua.

Binti yangu, yule aliyetuombisha radhi kwa alama ya kidole, alikuja akanishika mkono.

"Usifute, Mama."

Akaichukua kadi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha mpaka ikaonekana pale kidevu cha baba yake kilipopita. Kisha akafungua mtoto wa meza akaitafutia kifuko. Vyote vilikuwa vidogo kuliko ile plastiki. Akajaribu kimoja, akajaribu kingine, akaviacha, akabaki amesimama nayo mkononi, ameishika pembeni.