Mstari wa Chaki kwenye Gurudumu la Nyuma

Namhimidi Mungu aliyenifikisha umri wa mvi nikiwa bado nashika kalamu, aliyenilisha, akanivisha, na akanivumilia kuliko nilivyostahili. Siku hizi nikiingia kanisani watu hunipisha niketi mbele, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa. Yeye peke yake ndiye ajuaye nimeketi pale na nini moyoni, na leo nataka kukitua.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu ilifundisha ufundi wa magari, lakini injini ya darasani ilikuwa moja tu, imekatwa ubavu ili tuone pistoni, na hakuna aliyewahi kuisikia ikinguruma. Kwa hiyo likizo ya Agosti mwalimu alitugawa kwenye magereji, mwezi mmoja kila mmoja, na kila mmoja akapewa fomu ya kujazwa na fundi wake mwishoni. Bila fomu nzuri, mwalimu hakuandikii barua ya kuingia chuo cha ufundi. Mimi nilitaka chuo kile kuliko kitu chochote duniani.

Nilipelekwa Migori mjini, kwenye gereji ya mabati karibu na barabara ya kwenda Isebania. Fundi wangu alikuwa Mkuria, mtu mfupi mwenye mabega mapana, aliyeacha shule darasa la nne. Mimi ni Mjaluo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, yeye cha kwake na mimi cha kwangu. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anasema, "Beringi ya pampu ya maji." Tukifungua, ni hiyo. Kwa mwezi mmoja nilijifunza kwake mengi kuliko miaka mitatu darasani.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja. Ukifunga gurudumu, unashusha gari, unakaza nati zote kwa spana ya magurudumu mpaka mkono ukatae, halafu unachora mstari wa chaki ubavuni mwa tairi. Anayechora ni aliyekaza, si mwingine. Gari lisilo na chaki halitoki. Wiki ya pili fundi alivunja chaki yake katikati, akanipa nusu.

"Shika, Sabato. Ukichora wewe, mimi siangalii tena."

Sabato ndilo alilokuwa akiniita. Nyumbani kwetu tulishika Sabato kuanzia jua linapozama Ijumaa, na jua likikaribia kuzama, chakula kilikuwa kimepikwa, maji yamechotwa, viatu vimepakwa rangi. Mwezi ule nililala kwa shangazi yangu ng'ambo ya mto, na yeye alikuwa mkali zaidi ya mama. Fundi alipenda kunitania.

"Na gari likiharibikia njiani Ijumaa jioni, malaika watasukuma?"

"Litangoja, fundi."

"Litangoja! Mwambie hivyo mwenye gari!"

Nilicheka pamoja naye, lakini utani ule ulinichoma. Niliapa moyoni kwamba hatawahi kusema dini yangu imemharibia kazi.

Ijumaa ya wiki ya tatu ilikuja pikapu ya mama mmoja wa Homa Bay. Alikuwa akipeleka omena mpakani Isebania na kurudi na mahindi. Mteja mkubwa, na wafanyabiashara wenzake wa samaki walikuwa wameanza kumfuata kwa fundi wetu. Breki za nyuma zilikuwa zimekwisha. Gari angelichukua Jumatatu. Tulifanya kazi mchana wote, na jioni lilibaki gurudumu moja, la nyuma kushoto. Hapo akaja mtu mbio kusema lori limekwama darajani. Fundi akachukua spana ya magurudumu, ambayo ilikuwa moja tu, akasema, "Malizia hilo, narudi sasa hivi."

Nilifunga gurudumu, nikazungusha nati sita kwa vidole mpaka zikagota. Nikashusha jeki. Nikangoja. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mabati ya jirani, kisha nyuma yake. Fundi hakurudi. Ningeweza kuazima spana gereji ya pili, hatua hamsini tu, lakini niliona mwanga unageuka mwekundu, nikamwona shangazi mlangoni na kitabu chake cha nyimbo. Ningeweza pia kuliacha gurudumu bila chaki. Lakini hapo fundi angeniambia yale niliyoapa kutoyasikia.

Nikachora mstari. Nilijiambia nitafika Jumatatu alfajiri kabla ya mtu yeyote, nitakaza, na hakuna atakayejua. Kisha nikanawa mikono na kwenda kumwabudu Mungu. Kesho yake kanisani niliomba sala ndefu mbele ya watu, na shangazi alijivuna.

Jumatatu nilifika kabla hakujapambazuka vizuri. Pikapu haikuwepo. Fundi alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, hajavaa ovaroli.

"Yule mama alikuja Jumamosi asubuhi," alisema. "Alikuwa na haraka, nikampa gari. Karibu na kufika Homa Bay gurudumu likatoka, likaingia mtaroni. Amevunjika mguu."

Nikatazama mahali pikapu ilipokuwa imesimama.

"Nyuma kushoto," alisema. "Ulikaza?"

Nafasi ya kusema ukweli Mungu alinipa hapo, mkononi kabisa, kama mtu anavyokabidhiwa kikombe.

"Nilikaza, fundi. Chaki si uliiona?"

"Niliiona," alisema. Akainuka, akavaa shati safi. "Twende tukamwone."

Tulimkuta wodini, mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Mama yake mzazi, bibi kizee, alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Fundi," mgonjwa alisema, "ile chaki yako ni ya dawa au ya mapambo?"

"Mama, kosa ni langu. Gari lilitoka mkononi mwangu."

"Miguu ingekuwa inapona kwa pole, ningekuwa nimeshatembea."

Bibi kizee hakujua Kiswahili. Alinivuta mkono, akaniuliza kwa Kijaluo, "Nyakwara, anasema nini huyu?" Aliniita mjukuu wake, kwa kuwa nilipomsalimu alisikia lafudhi yangu. Fundi akanigeukia. "Mwambie. Mwambie kosa ni langu, na gari nitalitengeneza bure."

Nikamwambia. Kwa lugha niliyonyonyeshwa nayo, kwa kinywa changu mwenyewe, nilisema, "Dana," yaani bibi, "anasema kosa ni lake." Bibi akamtazama fundi kuanzia viatu hadi kichwani, akageuka ukutani. Fundi alinyoosha mkono, ukabaki hewani, akaurudisha polepole mfukoni. Mimi nilisimama pale kama kijana mwema anayesaidia watu kuelewana.

Wafanyabiashara wa samaki hawakurudi tena gerejini. Siku yangu ya mwisho nilimsomea fundi fomu, yeye akinielekeza pa kuweka alama. Bidii, nzuri sana. Usafi, nzuri. Nilipofika kwenye uaminifu niliacha kusoma.

"Mbona umenyamaza?"

"Uaminifu, fundi."

Alisugua grisi kwenye kidole gumba. "Weka nzuri sana," alisema. "Wewe utaenda mbali."

Nilienda mbali. Nilisoma chuo, nikapata kazi, nikalea watoto wangu. Kabla miaka ya tisini haijaisha nilipita Isebania kwa kazi ya ofisi, nikamwona kando ya malori akiziba pancha. Gereji ya Migori aliifunga mwaka uliofuata ajali ile. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwambia yote, hata rangi ya jua ilivyokuwa.

Hakushangaa. "Nati iliyokazwa huacha mkwaruzo mpya kwenye rimu," alisema. "Nililiangalia lile gurudumu Jumapili. Mikwaruzo yote ilikuwa ya zamani, imeshika kutu."

"Ulijua? Kwa nini hukusema?"

"Nilikuuliza, Sabato. Nikakuuliza tena na ile fomu." Alitia tairi kwenye beseni la maji, akatafuta mapovu. "Mimi nimeshasikia sasa. Lakini mimi nilikuwa najua. Kawaambie wasiojua."

Nilikwenda Homa Bay wiki ile ile. Bibi kizee alikuwa amefariki zamani, na yule mama alikuwa amezikwa miezi minne kabla. Binti yake alinikaribisha kwa chai. Nilipomaliza kueleza, alisema, "Mama alichechemea mpaka mwisho. Na sisi wote alitukataza gari letu lisiguswe na fundi wa kutoka upande ule." Hakunilaumu. Aliniongezea chai tu, na ilikuwa chungu kuinywa.

Bado nashika Sabato, na namshukuru Mungu kwa ajili yake kila wiki. Lakini Ijumaa jua likielekea kuzama, na nyumba ikiwa imefagiliwa, hukumbuka nati sita zilizozungushwa kwa vidole. Siku ile nililinda saa ya Bwana, nikamwacha jirani yangu aende barabarani. Waliopaswa kusikia wamelala makaburini, kwa hiyo nawaambia ninyi mnaosoma: fundi yule hakukosea. Aliyechora mstari ule ni mimi.

Wewe uliyefika hapa, Mungu akulinde uendako na urudipo, akupe ujasiri wa kusema kweli siku ile ile unapoulizwa, na akuweke mikononi mwa watu waliokaza. Amina.