Ghala la Mtama na Nyumba ya Mlowezi

Nikisikia harufu ya mkonge unaooza majini, hunijia lile shamba la mlowezi upande wa Sepuka, tulikohamia enzi za vijiji vya ujamaa nikiwa msichana mdogo. Mlowezi alikuwa ameshaondoka. Mkonge ulimea ovyo, na katikati ilisimama nyumba yake kubwa ya matofali, ambamo sisi watoto tulicheza kujificha na mbuzi walilala, sote tukiingilia nyuma kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa umefungwa.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano: nyumba ibomolewe, matofali yajenge ghala la mtama kabla ya mvua. Wengi wakakubali. Ndipo akasimama bibi yangu, mzaa mama. Ujana wake wote aliumalizia kukata mkonge pale, na mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba hadi kwenye viwiko.

“Ndugu Mwenyekiti, nyumba iachwe. Wajukuu zetu waone tulikotoka.”

“Na mtama tuuweke wapi, mama?”

“Matofali tutafyatua sisi wanawake. Mvua ikitukuta hatujamaliza, bomoeni.”

Wanaume wakacheka. Bibi akawajibu kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, akaenda zake. Kesho yake wanawake walikuwa bondeni wakikanyaga udongo. Sisi tulichota maji, tukirudi tumepakaa matope hata mama zetu walishindwa kutujua nani ni wa nani.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, kuta zilikuwa zimesimama, na waliocheka walikuwa juu wakiezeka nyasi. Mvua ya kwanza ilikuta mtama umo ndani, mkavu.

“Mama, umetushinda,” mwenyekiti alisema mbele ya watu wote, akamkabidhi bibi ufunguo wa ile nyumba.

Bibi akafungua mlango wa mbele. Akaingia, akatoka, akaingia tena, huku wanawake wakipiga vigelegele. Nilicheka hadi mbavu zikauma, nilidhani anacheza.

Nyumba haikuguswa tena. Hadi leo watoto wa shule huletwa kuona visu vya kukatia mkonge na dirisha dogo walikopewa posho wafanyakazi.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo mama aliponisimulia. Mtoto wa kwanza wa bibi alizidiwa na homa, bibi akagonga mlango ule wa mbele kuomba gari la kumpeleka hospitali. Akaambiwa wafanyakazi hupita nyuma. Alipozunguka, hakuna aliyemfungulia, na mtoto akamfia mgongoni.

Miaka yote niliamini bibi aliitetea nyumba ile kwa kuipenda. Hakuipenda hata kidogo. Alitaka isimame, na ufunguo awe nao yeye.