Nilivyoahirisha safari ya kwenda kwa kaka kwa sababu ya koti la theluji

Wakuu, heshima kwenu. Nawaeleza kama ilivyokuwa, sijaongeza kitu. Anayetaka kucheka acheke mapema, mwanzoni kunachekesha.

Mimi ni wa Sumbawanga. Nanunua maharage vijijini, Mollo na Chala, nauza mjini. Kila gunia nahesabu mara mbili, na bei ya kwanza ya mtu kwangu ni salamu tu.

Kaka yangu mkubwa, tumbo moja, aliishi Canada miaka kumi na minne. Akaugua kansa ya ini. Desemba akanipigia, sauti imekwisha.

"Bwana mdogo, njoo. Nataka nione mtu wa kwetu."

Viza ikatoka. Wenzake wa kazini wakachanga, wakatuma tiketi ya Januari.

Nikaanza maandalizi. Aliomba migebuka mikavu, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, na unga wa ulezi. Migebuka kumi na miwili. Nikahesabu tena, kumi na miwili.

Likabaki koti.

Huku kwetu Ufipa baridi tunaijua, lakini yetu ni ya Juni na Julai. Makoti mazito ya mtumba yanaanza kuonekana Mei. Januari ni mvua, sokoni kumejaa miamvuli na mabuti. Nilizunguka siku tatu nikaliona moja tu, refu, lina manyoya shingoni.

Nikamwambia muuzaji, "Mama, punguza. Januari hii nani mwingine atanunua koti kama hili?"

"Hakuna. Ni wewe tu. Ndiyo maana sipunguzi."

Nikafanya tunavyofanya wote, nikaondoka polepole nikisubiri kuitwa. Sikuitwa. Kesho yake nikarudi, limeshachukuliwa na dereva wa lori.

Nikampigia kaka. Akasema, "Koti lipo huku. Njoo ulivyo."

Nikakataa. Kwetu huendi kwa mgonjwa halafu uanze kumtegemea akuvishe. Unampelekea, humpunguzii. Niliona aibu kweli. Nikasogeza safari siku kumi, nikaagiza koti Mbeya.

Nikamtajia kaka tarehe mpya.

"Siku kumi nyingi, bwana mdogo."

Nikamwambia nimeshazihesabu mara mbili, zitaisha tu.

Koti likafika siku ya tano. Saizi yangu kabisa. Lakini tiketi ilishabadilishwa mara moja, haikubali tena.

Siku ya saba simu ya rafiki yake ikaingia. Nilijua kabla sijapokea.

Kusafirisha mwili kulishindikana. Wakamzika kulekule, kabla tarehe yangu haijafika. Sisi tuliangalia kwa video, sebuleni kwa mama, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Theluji kila mahali. Waliosimama kaburini ni saba. Nikahesabu tena, saba. Wa kwetu hakuna hata mmoja.

Mimi nilikuwa nimevaa lile koti. Msiniulize kwa nini. Jasho linanitiririka, mama ananitazama.

Migebuka tuliila matangani.

Baadaye yule rafiki alienda kukusanya vitu vya kaka. Akanipigia. Nyuma ya mlango alikuta koti jipya, lebo haijakatwa, na chini yake mabuti ya namba arobaini na mbili.

Namba yangu.

Kumbe alikuwa amejiandaa kunipokea, mimi najiandaa nisimsumbue.

Wakuu, mgonjwa akikwambia njoo ulivyo, nenda ulivyo. Usimhurumie kwa hesabu zako. Pengine hicho anachotaka kukupa ndiyo kazi pekee aliyobakiza duniani.

Sasa ni Juni, baridi imeingia, na koti nalivaa maana sina lingine. Kila nikipita sokoni watu wananiuliza bei. Mimi, mtu wa bei, nashindwa hata kutaja ya kuanzia.

Kama humu kuna aliyewahi kumchelewea mtu wake hivi, aniambie anaishije nalo. Hata matusi andikeni, nitasoma yote.