Siku Imelda Alipokuja Pugu

Najua watu mnavyovisoma visa vya namna hii. Mnacheka, mnamrushia mwenzenu naye acheke, mnalala. Sawa, sikukatazi kucheka. Ila ujue kwamba anayekusimulia ni mwanamke mzima wa miaka arobaini na tatu, pombe sinywi, akili ninazo, na jambo hili lilinikuta mchana kweupe, jua linawaka, watu zaidi ya hamsini wanakula pilau. Ningekuwa natunga, si ningeliweka usiku?

Kwetu ni Songea. Hapa mjini nakaa Segerea, chumba na sebule, mwenyewe. Ni karani kwenye kampuni moja ndogo pale Mwenge. Tunafungasha vinyago vya wachongaji na kuvisafirisha nje. Siku yangu ya kwanza kazini, miaka mitano iliyopita, dada mmoja wa meza ya jirani, mtu wa Temeke, mchangamfu, tunamwitaga Mama Sabri, aliniuliza, "Na wewe mwenzetu tukuite mama nani?"

Hebu jiweke pale. Mungu hakunijalia mtoto, na mwanaume niliyekuwa naye akaenda alikojaliwa. Nilikuwa nimeichoka ile sura watu wanayoivaa ukishawaambia huna. Mdomo ukatamka wenyewe.

"Mama Imelda."

"Mashallah. Yuko wapi huyo Imelda?"

"Songea, kwa bibi yake. Ana miaka mitatu."

Basi, yakaisha. Au mie ndo nilidhani yameisha. Watu wakishajua una mtoto wanamuulizia. Imelda hajambo? Kaanza shule? Nikawa najibu. Kaanza chekechea. Anapenda kuimba. Mwaka ule alipofika darasa la kwanza nikasema ameng'oka meno mawili ya mbele, hata "simba" hawezi kulitamka vizuri. Mama Sabri alicheka mpaka machozi.

Na niamini, sikuishia hapo. Kuna kipindi nilichoka kazi, nikataka kulala tu. Nikamwendea bosi nikamwambia mtoto kamwagikiwa na uji wa moto mkononi. Akanipa siku tatu. Nikalala Segerea siku tatu, mapazia nimeyashusha. Safari nyingine nikasema kalazwa kwa malaria. Nani alikuwa anaumia? Hakuna mtu. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwaka jana ofisi ikaandaa siku ya familia. Tulikodi basi kwenda bustani moja ya mapumziko kule kwenye vilima vya Pugu. Kwa sie tuliozoea joto na foleni, kule ni kama umehama mkoa: miti mirefu, hewa ya baridi, bembea, bwawa la samaki, punda wa kupanda watoto, na njia ya miguu inayopanda mpaka juu kilimani. Mama Sabri alinibana wiki nzima. "Shule zimefungwa. Safari hii Imelda aje, hatutaki sababu." Nikamwambia atakuja. Asubuhi nikapanda basi peke yangu. "Kaamka na homa," nikasema. "Nimemwacha kwa jirani." Wakanipa pole.

Umeshawahi kwenda mahali pa familia ukiwa huna familia? Hakuna pa kusimama. Kila mkeka una wenyewe. Baba huyu anamsukuma mwanawe kwenye bembea, mama yule anampangusa mwanawe makamasi, na wewe unatabasamu tu mpaka mashavu yanauma. Mwisho wakanikabidhi mikoba yao niilinde. Nikakaa na mikoba ya watu kama saa nzima. Alipokuja mwingine kukaa pale kivulini, nikasema napanda kilima kidogo, ninyooshe miguu.

Juu kule kuna benchi la mbao. Unaliona jiji lote kwa mbali, na ndege zinashuka uwanjani, ndogo kama sindano. Nikakaa nikalia kidogo, maana hakukuwa na mtu.

"Mama."

Nikageuka haraka huku najifuta. Alikuwa amesimama mtoto wa kike, gauni la njano, nywele fupi za mtoto wa shule. Nikadhani ni mtoto wa mmojawapo wa wenzetu.

"Umempoteza mama yako?" nikamuuliza.

"Si wewe hapa. Nimechelewa. Mbio wameshakimbia?"

Akatabasamu. Meno mawili ya mbele hayapo.

Sikuogopa, nakwambia ukweli. Mapengo kila mtoto wa umri ule anayo. Nikajisemea, huyu kanichanganya na mama yake, ngoja nimteremshe kwa wenzie. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, moto kama umeshika kikombe cha chai. Mtoto alikuwa na homa.

Tukashuka. Tulipotokea tu kwenye nyasi, Mama Sabri akapiga kelele. "He! Imelda huyu! Si ulisema mgonjwa?"

"Shikamoo mama," mtoto akamsalimia, akapiga goti kidogo kama wanavyofundishwa watoto kwetu.

"Marahaba mwanangu! Jamani njooni mumwone Imelda. Kafanana na mama yake huyu!"

Wakatuzunguka. Huyu anamshika kichwa, yule anampa soda. Na mtoto anaitika. Kila akiitwa Imelda, anaitika. Mie nimesimama tu. Ningesema nini? Kwamba huyu si Imelda? Wangeniuliza Imelda ni yupi.

Hapo hapo mshereheshaji akaita mbio za mzazi na mtoto, zile za kufungwa mguu kwa mguu. Mama Sabri mwenyewe ndiye aliyetufunga khanga. Tukakimbia. Mie sijakimbia tangu shule ya msingi. Tukaanguka mara mbili, mtoto anacheka, mie nacheka, tunanyanyuka, tunahesabu "moja, mbili, moja, mbili." Tukawa wa pili kutoka mwisho, watu wanatupigia makofi utadhani tumeshinda. Nitakuficha nini? Nilikuwa na raha. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na raha kama ile, kabla ya hapo wala baada yake.

Tukachukua pilau tukaenda kukaa wawili, pembeni ya bwawa. Alikula kama mtu ambaye hajala siku nyingi. Alipokunja mkono kushika kijiko, nikaliona. Kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja ngozi imejikunja, imebabuka, kovu la moto.

"Hapa pameshapona," akasema alipoona naangalia. "Pale uji uliponimwagikia. Iliuma siku tatu."

Siku tatu, ndugu yangu. Zile siku tatu nilizolala.

Nikaweka sahani chini. Nikamuuliza, "Bibi alikupeleka hospitali?"

"Bibi gani?"

"Bibi. Wa Songea. Unayekaa naye."

Akaniangalia kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. "Hakuna bibi, mama. Ni nyumba tu. Nakaaga mwenyewe."

"Na nani anakupikia?"

Akainua mabega. "Ukinisema, naumwa au nang'oka meno. Usiponisema, nakaa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka minne nilikuwa nasema "yuko kwa bibi yake", basi. Huyo bibi sikuwahi kumpa jina, sikuwahi kusema ana shamba au kuku, wala anapika nini. Hakuna aliyeniuliza. Na nyumba yenyewe nilikuwa sijaiwekea kitu.

Mtoto akasogea akanilalia ubavuni. Joto lake likapenya nguo. "Leo twende wote Segerea," akasema. "Sitasumbua."

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Ni rahisi kusema ungembeba. Mie nilipata woga ambao siwezi kukuelezea, woga unaoanzia miguuni. Sikuona tena mtoto. Niliona kitu kilichotoka mdomoni mwangu kimekaa kinanipumulia. Nikainuka taratibu.

"Nisubiri hapa hapa," nikamwambia. "Nafuata mkoba, nakuja."

"Haya," akasema. Hakushuku chochote. Akakunja miguu, akakaa vizuri kusubiri, kama mtoto mwenye adabu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye basi, nikakaa kiti cha nyuma, nikajifunika khanga. Sikuchungulia dirishani hata mara moja. Watu wakapanda, wakahesabiwa, injini ikawashwa. Mama Sabri akaja mpaka nilipokaa. "Imelda yuko wapi?"

"Jirani yangu kamfuata na bajaji," nikasema. "Homa ilikuwa inampanda sana."

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikajua nimefanya nini. Lakini yalikuwa yameshatoka, na basi lilikuwa linaondoka.

Kesho yake alfajiri nilirudi Pugu. Nikamkuta mlinzi getini, mzee mmoja mpole. Nikamwamkia, nikamuuliza kama kuna mtoto alibaki jana, gauni la njano. "Hapana, mwanangu," akasema. "Tunakaguaga bustani yote kabla hatujafunga. Hata kandambili moja haikubaki." Akaniruhusu nikaingia. Nikakaa pembeni ya bwawa mpaka adhuhuri. Nikapanda juu kwenye benchi nikaita, "Imelda! Imelda!" Familia moja iliyokuwa inapiga picha wakanisaidia kuita. Watu wema. Walizunguka na mie karibu saa nzima, wanamtafuta mtoto.

Nimerudi mara nyingi, hata hesabu sina. Hajaja.

Mwezi uliofuata nikaona nitapata wazimu, nikaamua kusema kweli. Nikamvuta Mama Sabri chemba, nikamweleza yote tangu siku ya kwanza. Sina mtoto, sijawahi kuzaa, Imelda hayupo. Nilitegemea atanicheka, au atanichukia kwa kumdanganya. Akanishika bega, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "Mama Imelda, nilimfunga yule mtoto mguu kwa mikono yangu. Ukiwa na shida sema, tutakusaidia kumlea. Ila usimkane."

Tangu siku ile ofisini wananiangalia tofauti. Uongo wangu waliupokea wote bila kuuliza, ukweli wangu hakuna hata mmoja aliyeutaka. Wananiona mwanamke aliyemtupa mwanawe kijijini na sasa anamkana. Chakula cha mchana siku hizi nakula mezani kwangu, peke yangu. Na usiku, nikishazima taa kule Segerea, kinachoniumiza si woga. Woga uliisha zamani. Najiuliza tu kama ile homa ilishuka.

Kwa hiyo nisikilize. Ukiulizwa una mtoto na huna, sema sina, uvumilie ile sura watakayokuonyesha; itapita. Usimpe jina mtu ambaye hayupo. Usimuuguze ili upate likizo, usimzike mjomba ambaye hukuwahi kuwa naye ili uchelewe kazini. Hujui maneno yako yanakwenda kukaa wapi, wala yakifika huko yanamkuta nani.

Na kama umeshampa jina, kama umeshachelewa kama mie, basi usinyamaze. Mie sasa wakiniuliza, hata wakiuliza kwa kejeli, najibu kwa kirefu. Nasema hajambo kabisa, homa haijarudi. Bibi yake anaitwa Osmunda, ana kuku kumi na mmoja, anampikia ugali na maharage ya nazi, na usiku wanalala kitanda kimoja kwa sababu ya baridi. Nyumba ya pili wamehamia watu wenye binti wa umri wake. Wanatoka wote kwenda shule, na jioni wanaitana.