Mstari wa Nyuma ya Pikipiki

Huku Dilala, mtaa wa Kolwezi nchini Kongo, kuna fundi wa rangi anayeandika mashairi ya Kiingereza kwenye madigadi za pikipiki za teksi. Huyatoa katika kitabu cha kale alichoachiwa na baba yake, aliyesoma Zambia, na kila dereva huchagua mstari akishaelezwa maana yake.

Juzi nilikuwa kibandani kwake alipoingia mama mmoja amekumbatia msalaba wa mbao. Mumewe, dereva wa pikipiki, alikuwa ametoka kuzikwa.

"Andika mustari wake, ile ya pikipiki," alisema.

Fundi alifungua kitabu, akasita. "Mama, ile ni ya mapendo. Inasema siku bila weye ni murefu. Haiko ya kaburi. Nikutafutie ya Mungu?"

Mama akaupangusa msalaba kwa kitenge, ingawa ulikuwa safi.

"Tata, aliichagua juu ya mi. Alizunguka nayo mu muji yote, batu bote banasoma. Sasa ni mi namuambia."

Fundi akachovya brashi.

Mtunzi wa shairi hilo alikufa Uingereza zamani sana, na sidhani aliwahi kuisikia Kolwezi. Mama alisimama pale akiipepea rangi kwa mkono mpaka ikakauka.