Marie-Goretti Achagua Upande wa Jua

Mke wangu Marie-Goretti hajui kusoma ramani, lakini ukimwamsha usingizini ukamuuliza kusini ni wapi, atakunyoshea kidole kabla hajafumbua macho. Amejifunzia kazini. Tangu 2013 anasafisha vyumba katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, hapa Euless, Texas, na hoteli hiyo anaijua kwa jua lake: upande gani mapazia yanapauka, upande gani wageni wanalalamikia joto saa kumi jioni, na upande gani zulia likimwagikiwa maji mwezi wa kumi na mbili hukaa siku tatu bila kukauka.

Mimi ni Nazaire, napakia mizigo ghalani. Habari hii inaniaibisha kidogo, lakini nitaisimulia ilivyokuwa.

Mwaka 2017 mama yake Marie-Goretti alitufikia kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya tatu, sisi na mwanetu Alida. Kwetu Burundi mama mkwe haendi kuishi kwa mkwe wake. Akifanya hivyo ni aibu kwake na kwako pia. Ila Mama hakubakiwa na mtoto wa kiume, atakwenda wapi? Akaishi kwetu mwaka mzima kama mgeni wa siku mbili. Hakuomba hata chumvi. Kila saa ameshiba, kila saa hasikii baridi, na mimi ananiita "mkwe" kwa sauti ya mtu anayeongea na hakimu. Alikuwa mkulima tangu utoto, na sasa alishinda kwenye kiti, viganja juu ya magoti. Siku moja Marie-Goretti alimshika mikono akakuta sugu zimeanza kulainika. Alijifungia bafuni akalia. Alipotoka alisema tutanunua nyumba yenye udongo, hata kama ni wa upana wa mkeka, kwa sababu mama yake hatafia kwenye kiti kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe.

Mwezi wa sita, 2018, dalali wetu Fiona, nesi Mkenya anayeuza nyumba siku zake za mapumziko, alitupeleka kuona nyumba za safu, zile zinazoshikana ukuta kwa ukuta. Safu zilikuwa mbili, zikitazamana, katikati maegesho ya magari. Kila safu ilibaki na nyumba moja ya kuuzwa, bei ileile, vyumba vilevile, na bustani ndogo nyuma. Ya kwanza ilikuwa na jiko jipya la kung'aa, na bustani yake ilitazama kaskazini. Ya pili ilikuwa na makabati yanayolia ukiyafungua, na bustani yake ilitazama kusini.

Mimi nilishaoa lile jiko. Fiona naye alinisaidia kulisifu. "Hii kitchen wame-remodel juzi tu," alisema. "Mki-delay wiki moja, mtu ata-take."

Ilikuwa saa saba mchana na jua lilikuwa utosini. Nilisimama katikati ya bustani ya kaskazini nikijifuta jasho, nikamwonyesha mke wangu kwamba mwanga umejaa tele. Kisha nikamwaga elimu yangu. Nilikulia kambini Kasulu, na Kasulu kila mtoto anajua kwamba katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, na mwisho wa mwaka linahamia kusini. Kwa hiyo, nikasema, kila bustani ina zamu yake; jua halina ubaguzi, tuchukue jiko.

 Marie-Goretti alichuchumaa kwenye pembe ya ukuta wa nyumba, akakwangua kwa ukucha, akaninyanyulia kidole. Kilikuwa na kuvu ya kijani, mwezi wa sita, Texas.

"Baba Alida, hilo jua lako tuliliacha Kasulu," alisema. "La hapa mchana halivuki kuja upande huu, miaka yote ninayolifuata na ndoo. Leo limesimama juu, limekudanganya. Krismasi litapita chini kule nyuma ya paa, na mama yangu atakaa gizani hapa mpaka Machi."

Nikajitetea kwamba upande wa kusini mwezi wa nane utakaanga mboga bila mafuta. Alikubali kabisa. "Kivuli nitakitundika kwa shuka kuukuu," alisema. "Jua nitalitundika kwa kitu gani?"

Fiona akafunga faili la nyumba ya kwanza bila kuniuliza tena.

Tulihamia Agosti. Desemba, saa sita mchana, nilivuka maegesho kwa siri na kuchungulia juu ya uzio wa ile nyumba niliyoipenda. Kivuli cha paa kilifunika bustani yote hadi mbao za mwisho, na umande ulioganda ulikuwa bado mweupe kwenye nyasi. Kwetu nilikuta mlango wa nyuma wazi, mwanga umeingia mpaka miguuni pa Mama. Nilimwambia mke wangu kwamba alisema kweli. Alijibu kwamba anajua.

Lakini Mama alikuwa bado kitini. Januari alikisogeza kiti nje. Akawa anakaa ukutani panapopata joto, mikono juu ya magoti yaleyale, na akituona anarudi ndani upesi kama aliyekutwa shambani kwa watu. Marie-Goretti aliacha kusema juu ya bustani. Nilimjua, alikuwa anaogopa kwamba tumechelewa.

Jumamosi moja mwishoni mwa Machi nilibeba taka, nikakata njia kupitia bustanini kwenda kwenye geti la nyuma.

"We Nazaire!"

Sijawahi kusikia sauti ile nyumbani kwangu. Nikasimama, mfuko mkononi. Mama alikuwa mlangoni, udongo mpaka kwenye viwiko.

"Toa miguu yako hapo. Hilo ni shamba langu, nimepanda maharage. Zunguka."

Nikazunguka.